Kughairi kutua Oshkosh: Uamuzi unaopaswa kufanywa kabla ya kupaa

KILA mwishoni mwa mwezi Julai, mji mdogo wa Oshkosh katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani hugeuka kwa muda wa wiki moja kuwa miongoni mwa mahali penye msongamano mkubwa wa ndege kuliko popote duniani. Ndege ndogo za injini moja, ndege zilizoundwa na wenyewe katika gereji za nyumbani, ndege za kivita za enzi za Vita Kuu ya Pili ya Dunia na jeti za kifahari hupanga foleni angani, moja nyuma ya nyingine, zikisubiri zamu ya kutua.

Rubani aliye katika foleni hiyo huwa na ndege mbele yake, ndege nyuma yake na mara nyingi ndege nyingine ubavuni. Iwapo aliyemtangulia atachelewa kuondoka kwenye njia ya kurukia, au iwapo upepo utamsogeza pembeni, atakuwa na sekunde chache za kuchagua moja kati ya mambo mawili: kulazimisha kutua, au kughairi na kupaa tena.

Kughairi kutua si jambo la ajabu. Kila rubani hufundishwa namna ya kufanya hivyo kabla hajaruhusiwa kurusha ndege peke yake, na ndiyo dawa ya kwanza anayoelekezwa kuitumia pale mambo yanapokwenda kombo karibu na ardhi. Hata hivyo, dawa hiyo hugeuka sumu ikinywewa kwa pupa. Ajali kadhaa zimetokea si kwa sababu rubani alikataa kughairi, bali kwa sababu alighairi bila kuwa na mpango.

Kwa sababu hiyo, mpango wa kughairi kutua katika kiwanja kama cha Oshkosh hauna budi kuandaliwa mapema, rubani akiwa bado nyumbani na ramani mezani.

Foleni ya sekunde 20

Mkusanyiko huo, unaojulikana kwa jina la AirVenture, huandaliwa na Chama cha Ndege za Majaribio cha Marekani (EAA), kilichoasisiwa mwaka 1953 mjini Milwaukee na Paul Poberezny. Baada ya kufanyika kwa miaka kadhaa Rockford, katika jimbo la Illinois, ulihamia Oshkosh mwaka 1970 na umebaki hapo hadi leo, isipokuwa mwaka 2020 ulipofutwa kutokana na janga la korona.

Ukubwa wake hauna mfano. Mwaka 2023, kwa mujibu wa takwimu za waandaaji, watu wapatao 677,000 walihudhuria. Katika siku 11, kuanzia Julai 20 hadi 30, kiwanja cha Wittman cha mjini hapo kilihudumia safari 21,883 za kuruka na kutua. Huo ni wastani wa safari 148 kwa kila saa ambayo kiwanja kilikuwa wazi, sawa na ndege moja kuruka au kutua kila baada ya sekunde 24 hivi.

Kiwanja chenyewe kina njia kuu mbili za kurukia, moja ikielekea kaskazini na kusini na nyingine mashariki na magharibi. Katika wiki ya mkusanyiko, barabara ya pembeni ambayo siku za kawaida hutumiwa na ndege kutembelea tu ardhini hugeuzwa kuwa njia ya tatu ya kurukia, sambamba na ile ya kaskazini na kusini.

Ndege nyingi zinazoongozwa na macho ya rubani, badala ya vyombo, hufuata utaratibu uliochapishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani (FAA) katika waraka maalumu wa kila mwaka. Foleni hupita juu ya mji wa Ripon, kisha hufuata reli hadi kijiji cha Fisk, kilichopo kusini-magharibi mwa Oshkosh. Ndege nyingi huruka kwa mwendo wa noti 90, yaani takriban kilomita 167 kwa saa, zikiwa futi 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa kiwanja kipo futi 808 juu ya usawa huo, ndege hizo huwa kiasi cha futi 1,000 tu, au mita 300, kutoka ardhini. Zenye kasi kubwa zaidi hupita juu yake, katika futi 2,300, kwa mwendo wa noti 135.

Umbali unaotakiwa kati ya ndege na ndege ni nusu maili. Kwa mwendo wa noti 90, nusu maili hupitwa kwa muda wa sekunde 20 au pungufu kidogo. Hiyo ndiyo nafasi aliyonayo kila rubani kati yake na anayemfuata.

Fisk, waongoza ndege hukaa kwenye kilima wakiwa na darubini na redio. Hawaiti ndege kwa namba zake za usajili. Huzitaja kwa rangi na umbo, kisha humtaka rubani atikise mabawa kuonyesha kwamba amesikia. Rubani hatakiwi kujibu kwa redio, kwani maelfu ya watu wakijibu kwenye masafa yale yale hakuna atakayesikika.

Kwa nini kughairi hutokea

Katika hali ya kawaida nchini Marekani, mwongoza ndege anapotua ndege mbili ndogo za injini moja kwenye njia moja, ya kwanza inapaswa kuwa imekwisha kwenda mbele angalau futi 3,000 kutoka mwanzo wa njia kabla ya pili kuvuka hapo, au iwe imekwisha kuondoka njiani. Wakati wa AirVenture, FAA hutoa kibali maalumu cha kupunguza umbali huo.

Ili jambo hilo liwezekane, alama kubwa za rangi huchorwa kwenye njia ya kurukia. Mwongoza ndege humwambia rubani mmoja atue kwenye alama ya rangi fulani, na yule wa nyuma yake atue kwenye nyingine. Hivyo ndege mbili au zaidi huweza kuwa juu ya njia moja kwa wakati mmoja, kila moja katika sehemu yake. Baada ya kugusa ardhi, rubani hutakiwa kuondoka njiani haraka na kuingia kwenye nyasi, ambako wasaidizi wenye bendera humwelekeza mahali pa kuegesha.

Utaratibu huo hufanya kazi vizuri mradi kila mmoja atimize sehemu yake. Lakini inatosha mtu mmoja kukosea. Anayetua kabla ya alama aliyopewa humzibia aliye nyuma. Anayepunguza mwendo kupita kiasi angani huwafanya wote wanaomfuata wasongamane. Anayeshika breki katikati ya njia akishangaa pa kutokea humlazimisha mwenzake aliye angani kughairi.

Aidha, alama inaweza kubadilishwa dakika ya mwisho. Rubani aliyejiandaa kutua mwanzoni mwa njia huambiwa aendelee mbele hadi alama ya mbali zaidi. Kwa aliyezoea kiwanja kitulivu chenye ndege moja kwa saa, agizo la namna hiyo laweza kumvuruga kabisa, akajikuta yupo juu mno, ana kasi mno, au amekwisha kupunguza mwendo kupita kiasi.

Nguvu, mkao, mpangilio

Kwa nini basi kitendo cha kupaa tena kiwe cha hatari? Jibu lipo katika hali ya ndege inapokaribia kutua. Wakati huo mwendo wake ni mdogo, injini zimepunguzwa nguvu, magurudumu yameteremshwa na vibao vya nyuma ya mabawa, viitwavyo flapu, vimeshushwa ili kuongeza uwezo wa kuelea katika mwendo mdogo. Vyote hivyo husaidia ndege ishuke. Anayeghairi anaitaka ndege hiyo hiyo, katika hali hiyo hiyo, ianze kupanda.

Kitabu cha mafunzo ya urubani cha FAA kinataja misingi mitatu inayopaswa kufuatwa kwa mpangilio: nguvu, mkao, kisha mpangilio wa ndege. Kwanza, injini ipewe nguvu kamili za kupaa, bila kusita na bila nusu nusu. Pili, pua ya ndege iwekwe katika mkao utakaozuia kushuka na kuhifadhi mwendo, si kuinuliwa ghafla kana kwamba ndege ni ngazi. Tatu, flapu zikunjwe kidogo kidogo, na magurudumu yapandishwe pale tu ndege inapokuwa imeanza kupanda kwa uhakika.

Kila hatua ina mtego wake. Injini ikipewa nguvu zote kwa mara moja, pua hutaka kuinuka yenyewe, kwa kuwa rubani alikuwa ameirekebisha ndege kwa mwendo wa polepole wa kutua. Asipoizuia kwa mkono imara, mwendo huporomoka. Wakati huo huo, katika ndege nyingi za injini moja za Marekani, nguvu ya panga boi huivuta ndege kuelekea kushoto, na rubani hana budi kukanyaga pedali ya kulia ili aende moja kwa moja. Flapu nazo zikikunjwa zote kwa pamoja, bawa hupoteza ghafla sehemu ya nguvu ya kuinua, na ndege huzama.

Mwendo ukipungua mno, au pua ikiinuliwa mno, hewa inayopita juu ya bawa huvurugika na bawa hushindwa kuibeba ndege. Likitokea jambo hilo katika futi 3,000, rubani hushusha pua, hupata mwendo na kuendelea na safari. Likitokea katika futi 200, ardhi huwahi kufika kabla yake.

Ajali tatu, funzo moja

Tukio linalokumbukwa zaidi Oshkosh kwa jambo hili lilitokea Julai 27, 2010. Jeti ndogo aina ya Premier, iliyokuwa ikirushwa na Jack Roush, mmiliki maarufu wa timu ya mashindano ya magari ya NASCAR, ilianguka kiwanjani hapo na kuvunjika wakati rubani alipokuwa akijaribu kughairi kutua. Roush na abiria wake walinusurika wakiwa na majeraha.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani (NTSB) ilihitimisha kwamba chanzo kilikuwa uamuzi wa rubani wa kutosukuma injini hadi nguvu za kupaa wakati wa kughairi, kama kitabu cha ndege hiyo kinavyoelekeza, jambo lililosababisha mabawa kupoteza nguvu ya kuinua karibu na ardhi. Kwa maneno mengine, msingi wa kwanza kati ya ile mitatu haukutimizwa.

Ajali ya pili haikutokea Oshkosh, lakini mazingira yake yanafanana kwa msongamano. Juni 9, 2016, ndege ndogo aina ya Cirrus SR20 ilifika katika kiwanja cha Hobby mjini Houston, Texas, ambacho hutumiwa pia na ndege kubwa za abiria. Rubani aliambiwa aghairi kwa sababu ndege kubwa yenye kasi ilikuwa nyuma yake. Alijaribu tena, akapewa njia nyingine ya kurukia, akakosa tena kutua. Katika jaribio la mwisho la kughairi, ndege hiyo ilizunguka na kuanguka nje ya kiwanja. Watu wote watatu waliokuwamo walifariki dunia.

NTSB ilieleza kuwa rubani alikunja flapu kabla ya kuhakikisha kwamba ndege ilikuwa na mwendo salama. Bodi hiyo haikuishia hapo. Ilitaja pia mchango wa waongoza ndege waliomweka katika foleni ngumu na kumpa maelekezo tata katika wakati mbaya, pamoja na rubani mwenyewe kutokuwa na msimamo wa kukataa. Neno moja tu, la kusema kwamba hawezi, lingeweza kubadilisha mambo.

Ajali ya tatu inaonyesha kuwa hata marubani wa mashirika makubwa hawajaepukana na mtego huo. Agosti 3, 2016, Boeing 777 ya shirika la Emirates iligusa ardhi mbali kwenye njia ya kurukia mjini Dubai, kisha marubani wakaamua kupaa tena. Walibonyeza kitufe ambacho kwa kawaida huzipa injini nguvu za kupaa, lakini kitufe hicho hakifanyi kazi baada ya magurudumu kugusa chini. Pua iliinuliwa, magurudumu yakakunjwa, ilhali injini zilikuwa bado zimelala. Ndege ilipanda kidogo, ikaanguka tena kwa tumbo na kuteketea. Watu wote 300 waliokuwamo waliokoka, lakini askari mmoja wa zimamoto alipoteza maisha.

Matukio hayo matatu yanahusu ndege za ukubwa tofauti na marubani wa uzoefu tofauti, lakini katika kila moja kilichokosewa ni mambo ya mwanzo kabisa, yaani nguvu za injini na mwendo.

Mpango huanzia nyumbani

Rubani anayejiandaa kwenda Oshkosh hushauriwa kuusoma waraka wa FAA mapema, wenye kurasa nyingi, badala ya kuufungua akiwa angani juu ya Ripon. Akiwa mezani aweza kuchora kila njia ya kurukia, na kando ya kila moja akajibu maswali machache: nikighairi hapa, nitaelekea wapi? Upande gani una ndege nyingine? Nitasimama kupanda katika kimo gani?

Swali la upande lina uzito wa pekee. Katika kiwanja cha kawaida, anayeghairi hufundishwa kusogea kidogo pembeni mwa njia ili aweze kuiona ndege iliyo chini yake au inayopaa mbele. Lakini pale ambapo njia mbili sambamba zinatumika kwa pamoja, kusogea upande usiofaa ni kuingia moja kwa moja mbele ya ndege inayotua au kupaa kwenye njia ya jirani. Katika mazingira hayo, kanuni ya busara ni kubaki juu ya njia yako au kusogea upande usio na njia nyingine, na kutokata kona mpaka mwongoza ndege aelekeze au rubani awe ameona kwa macho yake kwamba kuna nafasi.

Suala la kimo nalo lisipuuzwe. Rubani aliyeshtuka hupenda kupanda tu, kwa imani kwamba juu ndiko kwenye usalama. Juu ya Oshkosh kuna foleni za ndege nyingine katika vimo vinavyojulikana. Anayepanda bila kikomo aweza kutokeza chini ya tumbo la ndege ambayo rubani wake hawezi kumwona.

Mzigo ni jambo jingine linalosahauliwa. Wageni wengi wa Oshkosh hulala katika mahema chini ya mabawa ya ndege zao, hivyo hufika wakiwa wamebeba mahema, vitanda, vyakula na maji. Ndege iliyosheheni, katika joto la Julai linalopunguza uzito wa hewa, hupanda taratibu kuliko ile ambayo rubani aliizoea akiwa peke yake asubuhi yenye baridi. Kwa hiyo mazoezi ya kughairi kabla ya safari yanafaa kufanywa ndege ikiwa na uzito ule ule itakaosafiri nao, na yarudiwe hadi mikono ifanye yenyewe bila kusubiri kufikiri.

Mafuta nayo ni sehemu ya mpango. Anayewasili akiwa na mafuta ya kutosha jaribio moja tu amejinyima mwenyewe haki ya kughairi. Mwenye akiba nzuri aweza kurudi Ripon na kupanga foleni upya, au akaenda kutua Fond du Lac au Appleton, viwanja vya jirani ambavyo hupokea wageni wengi wa mkusanyiko huo, kisha akafika Oshkosh kwa barabara.

Ghairi mapema, hasara ni ndogo

Kughairi si lazima kusubiri mpaka magurudumu yakaribie lami. Kwa hakika, kadiri rubani anavyoghairi mapema ndivyo hatari inavyopungua.

Nafasi ya kwanza ni kabla ya kuondoka nyumbani, endapo hali ya hewa ni mbaya au mwili umechoka. Ya pili ni njiani kuelekea Fisk. Waraka wa FAA unakataza kuyumba huku na huko angani ili kupoteza muda, na unakataza kuipita ndege iliyo mbele. Anayeshindwa kutunza umbali wa nusu maili anatakiwa kujitoa kwenye foleni na kurudi mwanzo. Hupoteza muda na mafuta kidogo, lakini hufanya hivyo akiwa na mwendo mzuri na kimo cha kutosha.

Nafasi ya tatu ni kwenye kona ya mwisho ya kuelekea njia ya kurukia, na hapa ndipo wengi wameponzwa. Rubani aliyechelewa kukata kona hujikuta amepita mstari wa katikati ya njia. Silika humsukuma kuilaza ndege zaidi ili arudi kwenye mstari. Lakini ndege iliyolala kwa nyuzi 30 huhitaji mwendo mkubwa zaidi kwa takriban asilimia 7 ili isipoteze nguvu ya kuinua. Kwa nyuzi 45 hitaji hilo hufika asilimia 19, na kwa nyuzi 60 hufika asilimia 41. Mwendo uliokuwa salama dakika moja iliyopita hugeuka kuwa wa hatari bila sindano ya kipimo kusogea. Kanuni iliyo salama ni rahisi kuikariri: ukipitiliza mstari, usilaze ndege zaidi, nyoosha mabawa, ongeza nguvu, ghairi.

Nafasi ya mwisho ni juu ya alama ya rangi yenyewe, na ndiyo ghali kuliko zote. Hapo ndipo mpango uliochorwa mezani hulipa, kwa sababu muda wa kubuni mwingine haupo.

Aibu ni mshauri mbaya

Lipo pia tatizo lisilohusu mitambo. Oshkosh hutazamwa na maelfu ya watu, wengi wao wakiwa marubani, waliokaa kwenye viti kando ya njia za kurukia wakishuhudia kila anayetua. Si rahisi kwa mtu aliyesafiri kutwa nzima kuingiza ndege yake mbele ya macho hayo, kisha akaonekana ameshindwa kutua.

Udhaifu huo si wa marubani wa ndege ndogo pekee. Utafiti wa taasisi ya Flight Safety Foundation kuhusu mashirika ya ndege, uliochapishwa mwaka 2017, ulibaini kuwa kati ya ndege zinazokaribia kutua zikiwa hazijatulia katika mwendo na mkao unaotakiwa, ni takriban asilimia 3 tu ambazo marubani wake hughairi. Waliobaki huendelea, na mara nyingi hutua salama. Usalama huo ndio huwafundisha somo baya, kwani kila bahati njema huwafanya waamini kuwa ni ustadi.

Mpango uliowekwa mapema husaidia kuivunja nguvu ya aibu. Rubani aliyejiambia tangu nyumbani kwamba akiwa hajatulia katika kimo fulani ataghairi, hana haja ya kujadiliana na nafsi yake wakati huo ukifika. Anatekeleza tu alichokwisha kuamua.

Waongoza ndege nao wana sehemu yao. Wanaopangiwa kazi Oshkosh, ambao hutambulika kwa fulana zao za rangi ya waridi, hutoka vituo mbalimbali vya FAA na huchaguliwa kwa ajili ya wiki hiyo. Mwaka 2018, mawingu mazito yalichelewesha wageni hadi wakafika kwa wingi kwa wakati mmoja, na anga ya Ripon ikajaa ndege zilizokuwa zikizunguka zikisubiri. Katika miaka iliyofuata, utaratibu ulibadilishwa kwa kuongeza vituo vya kuanzia foleni mbali zaidi, ili ndege zipangwe mapema badala ya kusukumana mlangoni.

Hata hivyo, hakuna mwongoza ndege anayeweza kusukuma wenzo wa nguvu za injini kwa niaba ya rubani, wala kumzuia asikunje flapu kabla ya wakati. Sheria za usafiri wa anga zinamkabidhi rubani kauli ya mwisho juu ya usalama wa ndege yake, na haki ya kusema hawezi ni sehemu ya kauli hiyo.

Abiria wa kawaida, awe anatua Dar es Salaam, Nairobi au Dubai, huenda siku moja akahisi injini zikinguruma ghafla na ndege ikipanda tena wakati paa za nyumba zilikwisha kuonekana dirishani. Wengi hushikwa na hofu, na wengine hunung'unika kwamba rubani ameshindwa kazi. Mara nyingi ukweli ni kinyume chake: rubani ameona jambo asiloliridhia, akachagua kuchelewa dakika kumi.

Oshkosh, rubani aliyeghairi hurudi Ripon, hufuata tena reli hadi Fisk, hutikisa mabawa na kupewa alama nyingine ya rangi. Jioni, chini ya bawa la ndege yake, atakuwa na kisa cha kuwasimulia majirani wa hemani.